Dunia nzima inaniita, hakuna hata mmoja anayenisalimia

Jamani mi naomba niulize, hivi hawa watu wa huko nje mama zao hawakuwafundisha salamu? Maana kila mwishoni mwa Oktoba kuna ile kontesti kubwa ya redio ya ridhaa, yaani sisi tunaorusha mawimbi kwa kupenda tu bila malipo, inaitwa CQ World Wide, masaa 48 mfululizo dunia nzima inaitana kwenye masafa mafupi, na mi niko zangu hapa Tanga na redio ya wati 100 na waya nimeufunga kwenye mnazi, nikiita CQ, yaani yeyote anayenisikia anijibu, mara moja tu wananivamia kwa mamia, wanakanyagana, wanapiga kelele mpaka hedifoni inawasha masikio, kisa kolsaini yangu, jina langu la hewani, inaanzia na 5H. 5H ni Tanzania, na Tanzania hewani tuko wachache mno kwa hiyo kila mtu anataka aniandike kwenye logi yake. Nafikiri vizuri, leo nimekuwa mtu mkubwa, nampokea mmoja wa Ujerumani, namwambia 59 37, ananijibu "faivu naini fotini, thenkyu", kashaondoka. Basi imeisha hiyo. Kilomita elfu sita na zaidi zile, hata za asubuhi hakuna.

Kwa wasiojua, hiyo tano maana yake unasikika wazi, tisa ni nguvu ya mawimbi, na namba ya mwisho ni kanda, dunia imekatwa kanda 40 na sisi huku tuko ya 37, Ujerumani 14. Sasa kituko ni kwamba kwenye kontesti kila mtu ni 59. Kila mtu! Kuna Mtaliano mmoja kahangaika na mimi, "egeni, egeni plizi, otel? otel?", mi natamka faivu hoteli, yaani ile 5H, mpaka mate yanakauka, yeye hanisikii kabisa, natamka tena, anapata nusu, natamka tena, alivyofanikiwa kuikamilisha ananiambia kwa furaha "yu a faivu naini". Sasa kama nasikika vizuri hivyo koo langu limeuma kwa sababu gani? Nikamlalamikia mama watoto, akanijibu bila hata kugeuka, "Si na nyie hivyo hivyo, mtu hoi kitandani ukimuuliza hali anakwambia salama tu." Nikakosa la kusema nikarudi kwenye redio.

Na huyo mama watoto naye tuna kesi ya saa. Kontesti inaanza saa sita usiku ya UTC, yale majira ya pamoja ya dunia nzima, ambayo kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, inaisha saa tisa ya kuamkia Jumatatu. Aliniuliza unamaliza lini, nikamwambia Jumapili saa sita usiku. Ilipofika saa sita akaja kusimama mlangoni kajifunga kanga kifuani, "Saa sita hii hapa." Nikamwambia hiyo ya kwetu mke wangu, mi nilisema ya UTC. Akaniuliza UTC ndo nani. Hapo nina Wamarekani wanasubiri foleni, nianze kumfundisha mtu majira ya dunia? Nikanyamaza, na kunyamaza nako kukawa kosa lingine.

Tuje kwenye umeme maana hapa nina donge. Umeme ukiwepo siwezi kusikia vizuri kwa sababu mtaa mzima umejaa chaja feki, taa zile za bei rahisi na pampu ya maji ya jirani, vyote vinatupa kelele hewani, sindano ya redio inasimama pale juu inanguruma tu, wale wadhaifu wa New Zealand wanafukiwa wote. Umeme ukikatika, aisee! Kimya. Unasikia mpaka mtu anavyovuta pumzi huko Brazili. Ila sasa umeme umekatika, redio itakula nini? Nachomeka betri ya gari, na redio ukibonyeza maiki inavuta ampia 20, betri inaanza kuchoka, taa ya kioo inafifia, na hapo ndo jirani mwenye duka anawasha jenereta kuokoa samaki wake wa kwenye friza, kelele zimerudi upya na umeme bado sina. Yaani nikiwa na umeme sisikii na nikisikia sina umeme, halafu mtu anakuja kuniambia hii ni hobi ya kupumzisha akili.

Bendi ya mita 160, yaani masafa ambayo wimbi lake moja lina urefu huo, ndo sitaki hata kuisikia. Ile bendi antena yake ya nusu wimbi ni waya wa mita 80, ninyooshe mpaka kwa nani? Nikitoka mnazi wa kwangu napita uwanja wa mama mwenye nyumba, choo cha jirani, naingia barabarani. Na hata ungekuwepo, Oktoba hiyo vuli inaanza, radi za bara zima zinapasuka humo kwenye hedifoni paa paa usiku kucha. Wacha wenye mashamba yao wakae huko.

Jumamosi mchana si akaja mwenyekiti wa mtaa. Kasikia kuna mtu humu anaongea na wazungu tangu usiku. Nikavua hedifoni, shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, nikampa kiti, nikamuonyesha leseni yangu iko ukutani imelaminetiwa. Kaisoma yote mpaka muhuri. Akasema sawa, sina shida na hilo, ila hao watu unaongea nao nini? Nikamwambia namwambia 59 37. "Halafu?" Halafu na yeye ananiambia yake. "Halafu?" Halafu basi mzee, naita mwingine. Akanitazama muda mrefu. Naona kabisa angeridhika zaidi ningemwambia nauza siri, maana hiyo angalau ina faida. Akauliza mnalipwa? Hapana. Mnashindania nini? Cheti, ukiwa juu sana kuna ngao. Akachukua kofia yake akaondoka, getini nikamsikia anamuuliza mama watoto eti mumeo anapata usingizi vizuri siku hizi?

Wajapani lazima niwape haki yao. Saa tatu, saa nne asubuhi bendi ya mita 15 inafunguka kwao, yaani mawimbi yanafikana, ukisema namtaka anayeishia na herufi fulani wengine wote wanakaa kimya, anabaki huyo huyo mmoja, anakupa namba anaondoka, wa pili. Hawasalimii na wao lakini angalau foleni wanaijua. Jaribu hiyo kwa Ulaya uone, umeita mtu wa Bravo Kilo wanakujibu mpaka ambao kwenye jina zima hawana B wala K.

Jioni nikampata mtu wa Oman, kolsaini ya A4, na Muscat watu wanaosema Kiswahili wamejaa, shemeji yangu mwenyewe yuko huko meseji zangu anazisoma hajibu. Moyo ukachangamka, nikamwambia hujambo ndugu yangu. Kimya kidogo. "Faivu naini twenti wani." Sawa ndugu, nimekuelewa, pointi tatu hizo.

Maana pointi zenyewe zimepangwaje sasa! Ukimpata mtu wa bara jingine pointi tatu. Mkenya wa hapo Mombasa, ambaye nikipanda basi asubuhi kabla ya adhuhuri nakula naye, pointi moja. Mtanzania mwenzio, sifuri. Sifuri kabisa, unahesabiwa nchi na kanda tu, zile za kuzidishia pointi zako mwishoni, ila pointi yenyewe huna. Sasa Jumapili jioni mita 10 imefunguka Marekani, wananiita mpaka sijui nianze na nani, katikati ya zogo nasikia sauti nzito inatamka 5H taratibu bila haraka. Mtu wa Mwanza. Nikampa 59 37 yake. Akasema, "Ahsante sana kaka, habari za Tanga?" Nzuri. "Mvua vipi huko?" Zimeanza. "Familia haijambo?" Nyuma yake Florida inalia, Texas inalia, kila salamu moja Wamarekani wawili watatu wanakata tamaa wanaondoka, mi jasho linanitoka, hatujambo kaka, hatujambo kabisa. "Wazee je?" Wazima. "Basi wasalimie sana." Akaaga vizuri, akaondoka, na namba hajanipa. Yaani hata ile sifuri sijaipata!

Nageuka, mama watoto yuko pale pale mlangoni kasikia yote. "Huyu ndo mtu sasa. Na we mbona hukumuuliza wa kwake?"

Sasa wikiendi ya mwisho ya Novemba kuna nyingine, ya Morse, ile ya kupiga vipigo vifupi na virefu badala ya kuongea, masaa yale yale 48. Huko usitegemee kabisa, maana kwenye Morse ripoti ni 599, na ile tisa wameona ni ndefu, tisa moja ni vipigo vitano jamani, wakaikata wakaweka N yenye viwili, wanakupigia 5NN. Mtu anayebana mpaka tarakimu, huyo ndo atakuuliza habari za watoto?