Jerry Springer: kabla ya ngumi kulikuwa na hundi

Saluni za kiume hapa Majengo, Moshi, vijana bado wanarushiana klipu za kipindi cha Jerry Springer, mtangazaji wa televisheni wa Marekani: mke na hawara wanavutana nywele, mabaunsa wanaamulia, ukumbi mzima unapiga kelele "Jerry! Jerry!" Hukumu yao ni moja: mwanasiasa aliyeshindwa, akaishia kuuza fedheha za watu. Wana haki ya kuudhika. Ila hawamjui.

Springer alikuwa diwani wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Mwaka 1974 alijiuzulu baada ya kukiri kwamba alimlipa kahaba, tena kwa hundi. Mwaka uliofuata akarudi kwa wapigakura walewale na wakampa kiti. Mwaka 1977 madiwani wenzake wakamchagua kuwa meya akiwa na miaka 33, utaratibu tunaoujua vizuri hapa Moshi. Mimi hiyo hundi ndiyo hainitoki kichwani. Alipowania ugavana mwaka 1982, kashfa hiyo aliizungumzia yeye mwenyewe kwenye tangazo lake la televisheni, akasema haogopi ukweli hata ukiuma. Alishindwa kwenye kura za maoni za chama chake cha Democratic, sawa. Lakini nitajieni mgombea mmoja wa Kilimanjaro aliyelipia muda wa hewani ili aeleze aibu yake. Wa kwetu akiguswa tu, anadai anachafuliwa.

Kipindi chake kilipoanza mwaka 1991 kilikuwa cha mijadala mizito. Watazamaji hawakuja, kikageuzwa kuwa cha ugomvi. Wageni wake walikuwa watu wa hali ya chini ambao televisheni haikuwa na nafasi nao, na aliyekaa mbele yao alikuwa mtu aliyewahi kuanikwa hadharani kama wao. Aliwasikiliza bila kujifanya msafi, jambo ambalo wahubiri wengi wa maadili hawaliwezi.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko zote: mwaka 2000 mwanamke aliyekuwa mgeni wa kipindi hicho aliuawa na mtalaka wake, siku ileile kipindi walichoonekana wote wawili kiliporushwa. Hapo sina utetezi. Springer aliendelea hadi 2018, na angeweza kuacha mapema zaidi.

Gharama aliiona. Mwaka 2003 alifikiria kugombea useneta wa Ohio, akajitoa, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshafunikwa na kipindi. Hundi ile wapigakura walikuwa wameshamsamehe miaka 28 nyuma.