Nilitafuta Nyumba, Nikapata Ukoo

Dalali mpya hana nyumba. Ana simu, viatu na mdomo. Nyumba wanazo waliomtangulia. Wiki ya kwanza nilizunguka Moshi kwa miguu, Soweto, Pasua hadi Rau, nasoma kuta. Tatu zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, nikazipita. Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi, pale kijiweni kwa muuza kahawa, alicheka mpaka kikombe kikamwagika.

"Hakuna anayeandika hivyo kama hakuna aliyejaribu kuiuza. Hapo kuna ndugu hawaelewani. Usiiguse, lakini ijue."

Akaendelea. Nyumba zinajulikana na wanaoingia ndani: fundi bomba, mlinzi, mama wa maziwa ya asubuhi. Waachie namba, na biashara ikitiki uwape chao siku hiyohiyo, maana ukichelewa mara moja sifa zako zinafika Kiboriloni kabla yako. Tazama geti lenye kutu, majani yaliyofika dirishani, pagale lililoishia kwenye lenta miaka na miaka. Mwisho akanyoosha vidole vitatu: "Watu huuza kwa talaka, uhamisho na mirathi."

Mimi nikashika hicho cha tatu.

Jumatatu nikasikia kuna msiba Pasua. Nyumba safi: vyumba vinne, bati la msauzi, maji ndani. Nikatoa rambirambi elfu kumi, nikafunga turubai, nikabeba viti, usiku nikakesha motoni na wanaume. Kila nikisogeza kuni naulizia jambo. Marehemu ameacha watoto wangapi? Hati iko kwa nani? Kikao cha ukoo kinaandika muhtasari lini? Maswali ya kikazi kabisa: mahakamani wanataka muhtasari huo na cheti cha kifo ndipo wamteue msimamizi wa mirathi, na bila msimamizi hakuna mwenye mkono wa kusaini mauziano, hata kama mtoto wa kwanza ana funguo zote mfukoni. Shida ni kwamba maswali hayo msibani huulizwa na watu wa aina mbili tu, na mimi nilikuwa sijajitambulisha kuwa dalali.

Alhamisi tukapanda Coaster kwenda kuzika Kibosho, kihambani, kwenye shamba la ukoo. Baada ya mazishi wazee wakaniita chini ya migomba.

"Kijana, siku zote hizi tumekuona. Umefanya kazi kuliko wakwe. Sasa sema bila woga, mama yako ni nani?"

"Mama yuko Singida, babu."

Kata ya mbege ikaganda hewani kati ya wazee wawili.

"Marehemu alifanya kazi Singida," mzee akasema taratibu. "Mwaka 1998."

Mimi nimezaliwa 1999. Shangazi mmoja akaja, akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga. "Pua," akasema. "Jamani, pua ni yake!" Kilio kikaanza upya. Kitinda mimba peke yake hakulia. Kwa mila ya Wachaga nyumba ya wazazi hubaki kwake, na alikuwa ananipima kwa macho kama anayehesabu migomba.

"Wazee wangu, nisameheni. Mimi ni dalali. Nilikuja kwa ajili ya ile nyumba ya Pasua."

"Nyumba? Pale alikuwa amepanga."

Upekuzi mmoja tu ofisi ya ardhi ungenionyesha jina la mmiliki kabla sijabeba hata kiti kimoja. Mmiliki mwenyewe alikuwa viti viwili kutoka kwangu, anakula machalari. Akanivuta pembeni: familia inahama mwisho wa mwezi, nimtafutie mpangaji, udalali kodi ya mwezi mmoja kama kawaida. Nikaandika namba yake, mkono unatetemeka.

Kwenye Coaster ya kurudi yule shangazi alikuwa ameniwekea kiti pembeni yake. Tulipofika mjini alikuwa bado anaitazama pua.