Wasifu wa bibi uandikwe angali hai

Kwenye misiba mingi ya Kikristo Tanzania bara, wasifu wa bibi huandikwa usiku mmoja chini ya turubai, na mjukuu aliyepewa kazi hiyo na kamati ya mazishi kwa kuwa ana kompyuta. Anauliza majina ya watoto na mwaka wa kuzaliwa. Anaandika kwamba marehemu aliolewa, akajaliwa watoto saba, alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mpenda familia. Nusu ya ukurasa inayobaki inakwenda kwenye ugonjwa: ulianza lini, alilazwa wapi, mauti yalimfika saa ngapi. Ukibadilisha jina, wasifu huo utamfaa bibi wa kijiji cha jirani.

Mwanamke aliyeilea familia miaka 60 anastahili zaidi ya sifa nne. Upendo wake ulikuwa kazi, na kazi ina hesabu: debe ngapi, shilingi ngapi, safari ngapi za mtoni, ada ya nani ililipwa kwa pesa gani. Hesabu hiyo anayo yeye mwenyewe, na mahali pa kuipata ni jikoni kwake, sasa, siyo msibani.

Anayefaa kumhoji ni mjukuu. Mwanawe wa kiume akimuuliza, mama atachagua maneno, hasa yanayomgusa baba yao. Lakini mjukuu ni mtani. Bibi amezoea kumwita "mume wangu" au "mke mwenzangu", na ndani ya utani huo husema mambo ambayo watoto wake hawajawahi kuyasikia. Mfuate asubuhi akishakunywa chai, kabla ya jua kali, na msizidishe dakika 40 kwa kikao kimoja. Tumia simu ya kawaida, ila izimie mtandao ili simu ya mtu isikate kurekodi. Ilaze juu ya kitambaa, umbali wa mkono mmoja kutoka kinywani mwake. Redio izimwe. Mvua ikianza kupiga mabati, simamisha, maana hutasikia kitu baadaye. Tenga pia muda wa kuandika yaliyosemwa, kwa sababu saa moja ya sauti huweza kukuchukua saa nne au tano ukiwa makini.

Kosa kubwa ni kuanza na "bibi, tusimulie maisha yako." Atakujibu kwamba maisha ni hayo hayo tu, mjukuu wangu, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Muulize kitu cha kushikika. Nyumba ya kwanza iliezekwa kwa nini, na bati la kwanza lilinunuliwa kwa pesa ya nini? Ada ya mtoto wa kwanza ilitoka wapi? Mwaka ambao unga haukupatikana mlikula nini, na nani alilala njaa ili wengine wale?

Hapo ndipo mambo hutoka. Uchagani, kwa mfano, kahawa ilikuwa mali ya baba, ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Basi ukiandika "alimsaidia mumewe kusomesha watoto" umeandika kidogo mno. Uliza kuhusu mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Utaambiwa jinsi ndizi mbivu zilivyochemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, maji yake yakachujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na magome ya mti wa msesewe yakatia ule uchungu wake. Uliza alipika mara ngapi kwa mwezi, ulezi aliununua wapi na kwa kipimo gani, kibuyu kimoja kiliuzwa bei gani, na pesa aliificha wapi. Ukipata majibu ya maswali hayo manne unaweza kuandika sentensi moja yenye uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa: kwamba daftari na sare za watoto watatu zilitoka kwenye mapipa ya mbege aliyopika kila mwezi. Pwani swali hilo hilo litakupeleka kwenye kusuka ukili wa mikeka na kwenye vitumbua; Zanzibar, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye kilimo cha mwani. Vipimo vyake usivibadilishe. Akisema pishi, andika pishi, na kwa ajili ya vijana ongeza kwamba pishi moja ni vibaba vinne.

Tarehe ndizo zinazoleta ugomvi kuliko yote. Wazee wengi wana mwaka wa kukadiria kwenye kitambulisho, na cheti cha ubatizo kina mwaka mwingine. Tumia matukio. Siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, alikuwa na mtoto mgongoni au bado yuko kwa wazazi wake? Azimio la Arusha, Februari 1967, lilimkuta wapi? Wakati wa operesheni ya vijiji, katikati ya miaka ya 1970, walihamishwa? Vita vya Kagera vilipoanza 1978, kitinda mimba alikuwa anatembea? Akikwambia kwamba wakati wa Uhuru kifungua mimba wake alikuwa na miaka miwili, na kwamba alizaa mwaka mmoja baada ya kuolewa, akiwa binti wa miaka kama 17 siku ya ndoa, basi aliolewa 1958 na alizaliwa mnamo 1941. Andika "mnamo 1941". Usimtungie siku na mwezi.

Kuna sentensi moja ningependa iachwe kabisa mpaka ichunguzwe: "hakubahatika kusoma." Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata wanawake wengi walijifunza kusoma na kuandika jioni, baada ya shamba na mapishi, wengine wakiwa na watoto wanaonyonya. Muulize kama alikwenda kisomo. Akikubali, muulize nani alibaki na watoto.

Kwenye orodha ya watoto, fuata mpangilio wa kuzaliwa na uwataje waliotangulia mbele za haki, hata aliyeishi wiki moja. Mama huwahesabu, na ataumia akiona umewaruka. Waliolelewa naye bila kuzaliwa naye waandikwe pia, lakini mwenyewe aamue kwa maneno gani, kwa kuwa hapo kuna siri za watu wengine. Majina yanayojirudia yatenganishe kwa jina la mzazi. Kwa Wakikuyu, ambako binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba na wa pili la bibi mzaa mama, ukoo mmoja unaweza kuwa na akina Wanjiru watano.

Mapishi yake usiyaulize kwa mdomo, atakwambia "kiasi". Weka bakuli lake la mchele kwenye mizani, mwache achote kwa mkono kama kawaida yake, kisha pima kilichobaki. Fanya hivyo mara mbili au tatu siku tofauti. Picha za zamani zipige karibu na dirisha, kivulini, bila mwanga wa simu, na nyuma ya picha andika majina kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya na kutokea usoni mwa mtu.

Ukimaliza, msomee yeye kwanza. Atafuta mambo fulani, na yafutwe. Hayo ni maisha yake. Kwa Waislamu, ambako maziko hufanyika haraka na kwa kawaida kaburini hakusomwi wasifu, maandishi hayo yanafaa kugawiwa familia siku ya hitima. Kwa wanaosoma kanisani, kurasa mbili zinatosha, na ugonjwa upate mistari miwili tu bila majina ya maradhi ambayo hakutaka yatajwe. Chapisha kwa herufi kubwa, nakala mbili, na msomaji asiwe mtoto wake wa kumzaa. Nakala ya pili akae nayo mtu wa karibu aliyekwisha kuisoma kwa sauti angalau mara moja, ili sauti ya wa kwanza ikikatika, yeye aendelee pale pale.