Kila Nyumba Ina Shangazi Wake

Shangazi yangu anaamini kuna Mzungu anayekaa nasi hapa Kibokoni, Mombasa. Yeye hajamwona. Mimi pia sijamwona, lakini mimi sioni mtu yeyote, kwa hivyo ushahidi wangu hauna uzito. Anamsikia tu ndani ya kompyuta yangu, asubuhi mpaka usiku, akibwabwaja Kiingereza cha mbio kama dalali wa mnada.

Nimemweleza mara nyingi kwamba yule si mtu. Ni programu ya kusoma skrini, jina lake NVDA, aliianza kijana asiyeona kama mimi huko Australia mwaka 2006, haiuzwi, hugawiwa bure, na kazi yake ni kunisomea kilichoandikwa na kuniambia kitufe gani nimebonyeza. Katika maelezo yote hayo alichoshika shangazi ni Australia.

“Maskini,” akasema. “Yuko mbali na kwao.”

Tangu siku hiyo humhurumia, ila hampendi. Akisikia anavyokisoma Kiswahili ndiyo humalizika kabisa. Mzungu akikuta neno “mahamri” hulitamka utadhani ni dawa ya minyoo.

Kompyuta yenyewe niliinunua mkono wa pili, na haikukaa mwezi mpwa wangu akaing'oa herufi A. Alitaka kuona chini yake kuna nini. Hakukuwa na kitu, na A haikurudi. Nikaenda Mwembe Tayari nikanunua kibodi ya kuchomeka kwa waya, nikawa naipakata mapajani, na ile kibodi ya kompyuta yenyewe nikaihesabu kuwa marehemu. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, maana marehemu hakuwa amekufa. Alikuwa amepoteza jino moja tu.

Sasa, kila Jumanne saa mbili usiku nilikuwa na darasa kwenye chumba cha Zoom. Sote tulikuwa watu wasioona au wenye uoni hafifu, mmoja Voi, mwengine Kisumu, mwengine Lamu, na mwalimu wetu, dada mmoja wa Nairobi, naye haoni, lakini vidole vyake vinaona kuliko macho ya watu. Somo la usiku ule lilikuwa amri za kibodi za chumba chenyewe. Lilihitajika. Wiki mbili mfululizo tulikuwa tumesikiliza jogoo wa mtu kutoka Eldoret, na mwenye jogoo hajui kwamba tunamsikia.

Mimi, kwa kuwa nilizijua amri hizo tangu zamani, nilikuwa nimejipandisha cheo kimya kimya. Mwalimu naye alinifanya mwenyeji mwenza, yaani msimamizi wa pili wa chumba. “Huku stima inachezacheza tangu jioni,” akasema. “Nikipotea, shika chumba.” Hakumaliza dakika kumi, akapotea. Nikawa mwenyeji kamili.

Nikakohoa. Nikakaa vizuri. Nikaanza kufundisha kwa mbinu niliyoitunga mwenyewe, na mpaka leo naiona nzuri, hata kama mtungaji wake aliaibika.

Alt na A, kufunga na kufungua maiki: A ya “acha kelele”. Alt na V, kuwasha na kuzima kamera: V ya “vazi”, ujiulize kwanza umevaa nini. Alt na Y, kuinua mkono: Y ya “yarabi, nami nisikizwe”. Alt na H, gumzo la kuandika: H ya “habari”. Alt na Q, kutoka chumbani: Q ya “kwaheri”, kwa yule aliyelala darasa la tahajia. Na Alt na M, hii ni ya mwenyeji peke yake, huwafunga maiki watu wote isipokuwa yeye: M ya “mnyamaze”.

“Mwisho,” nikasema kwa sauti ya profesa, “mkiwa mmefunga maiki na mnataka kusema neno moja tu, shikilieni kile kitufe kirefu cha nafasi. Mnapokishikilia maiki huwa wazi. Mkikiachia, hufunga. Msije mkakisahau.”

Bwana wa Lamu akauliza, kile kitufe kirefu ni kipi? Nikamwambia ni kile kirefu. Akauliza tena. Nikamjibu mara nne, nikatangaza mapumziko ya dakika kumi, nikapiga Alt na A. Mzungu akanithibitishia kwamba maiki imefungwa. Na kweli ilikuwa imefungwa. Hilo naomba liandikwe kwenye kumbukumbu.

Shangazi akaingia. Nilimjua kwa harufu iliyomtangulia: mahamri ya moto yenye iliki, na mbaazi za nazi.

“Mwanangu, n'mekuletea chakula. Lakini mwambie Mzungu wako anyamaze, kichwa chaniuma.”

Nikabonyeza Insert na S mpaka Mzungu akanyamaza. Shangazi akaweka sahani. Nilisikia *ko*, sauti ya sahani kugusa kitu kigumu mbele yangu, nikajua ameiweka mezani. Meza ni ngumu. Sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

“Na yeye hali?”

“Nani?”

“Mzungu.”

“Hali, shangazi.”

“Ndiyo maana hana raha. Kula, mwanangu, kula.”

Nikala. Na hapo nikasikia kicheko kwenye iafoni za masikioni. Mtu mmoja, halafu wawili. Nikasema moyoni, hawa wamesahau kufunga maiki, nimewafundisha sasa hivi. Halafu, nyuma ya kicheko, kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya mtungi, nikasikia sauti ya bibi ikisema: “Kula, mwanangu, kula.”

Nikafurahi sana. Nikamwambia shangazi, “Kumbe kila nyumba ina shangazi wake! Kuna mwengine huko analishwa kama mimi.”

Na sauti ya kiume, ndani ya mtungi, ikasema: “…kama mimi.”

Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi nilikasirika. Maana sasa nilisikia na kutafuna. Mtu anatafuna mbele ya darasa zima, bila haya, tena anatafuna kwa mdomo wazi! Nikamwambia shangazi watu hawa hawana adabu ya maiki hata kidogo, wanahitaji mkono wa chuma, na mimi ndiye mwenyeji. Nikapiga Alt na M kwenye kibodi yangu ya mapajani. Nikapiga na Enter juu yake, kwa mazoea, kama karani anavyogonga muhuri.

Kimya. Vicheko, mtungi, kutafuna, vyote vikakatika.

“Umeona?” nikamwambia shangazi. “Hivyo ndivyo chumba kinavyoongozwa.”

Nikataka kujua saa ngapi, nikabonyeza Insert na S kumrudisha Mzungu. Sikubonyeza vya kutosha. Ile amri ina hatua, na kutoka kwenye kunyamaza hupitia kwanza hatua ambayo Mzungu hasemi, hulia tu kila anapokuwa na la kusema.

*Pi.*

“Mzungu wako kageuka kifaranga,” akasema shangazi.

*Pi. Pi. Pi pi pi.*

Ningebonyeza mara moja zaidi ningesikia alichokuwa akililia. Lakini vidole vyangu vyote vitano vilikuwa vimeingia kwenye tui la mbaazi, na ile kibodi ni mpya.

Kile kifaranga kilikuwa gumzo. Mwalimu alilihifadhi, akanitumia siku ya pili bila kuongeza neno. Limeanza vizuri: “Alt na A, bwana.” “Alt na A!!” “Mwenyeji, tunakusikia.” Kisha mtu wa Kisumu akaandika, “Muacheni.” Kisha dada wa Voi: “Jamani nyamazeni nisikie.” Walikuwa na uwezo wa kufungua maiki zao wakaniambia. Nilikuja kuwauliza kwa nini hakuna aliyefanya hivyo, na bwana wa Lamu akanijibu kwamba mtu hakatizi taarabu katikati ya ubeti.

Ubeti wenyewe ulikuwa huu. Shangazi aliketi, akauliza: “Hawa ndio wale uliowapa uwongo Jumanne iliyopita?”

“Ndio hawa.”

“Uliwaambia nini vile?”

“Kwamba stima ilipotea Mji wa Kale wote.”

Shangazi akacheka mpaka akapiga mapaja. Jumanne iliyopita stima ilikuwa inawaka kama Idi. Mimi nilikuwa harusini Makadara, mbele ya sinia la biriani ya mbuzi, tumelizunguka watu watano. Shangazi akaanza kuisimulia kana kwamba sikuwepo: vile wenzangu wawili walivyoinuka wakanawa mimi nikabaki, vile wa tatu alivyoinuka nikabaki, vile nilivyorudi nyumbani nimeshika tumbo kama mja mzito wa miezi minane, na vile nilivyomwandikia mwalimu ujumbe wa masikitiko huku nateremsha kwa ndimu na maji moto.

“Na maskini mwalimu,” nikasema mimi, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, “alinirekodia somo zima akaniombea na stima irudi upesi.”

“Hukuona haya?”

“Shangazi, darasa liko kila Jumanne. Biriani ile haiko kila Jumanne.”

Sentensi hii nimeshaisikia tena mara nyingi. Dada wa Voi ameifanya salamu.

Sikuishia hapo. Nilimwambia shangazi kuhusu bwana wa Lamu, kwamba yule hata peponi akifika atauliza mlango ni upi, na akionyeshwa atauliza tena. Kisha nikainua sahani, nikainamisha nikanywa tui lililobaki, nikairudisha mahali pake. *Ko.* Kwenye gumzo, dakika hiyo, kuna maandishi manne yamefuatana: “Imekatika!” “Amekwenda wapi?” “Alikuwa anafika utamuni.” “Alhamdulillah, karudi.”

Shangazi alikuwa sasa ananishauri nisije nikaoa Nairobi, wanawake wa bara hawajui kukamua nazi, ndipo sauti ya mwalimu ilipoingia masikioni mwangu, tulivu kabisa. Stima yake ilikuwa imerudi. Ilirudi zamani.

“Biriani ilikuwa ya mbuzi au ya kuku?”

“Ya mbuzi,” nikajibu.

“Haya,” akasema mwalimu.

Damu yangu ilianza safari kutoka kichwani ikashuka mpaka nyayoni. Mtu aliyefunga maiki haambiwi “haya”. Nikaikamata kibodi ya mapajani kwa ule mkono wa tui, nikaipapasa yote, hakuna kitufe kilichokwama. Nikaipapasa meza. Meza ilikuwa tupu. Nikajiuliza, kama meza iko tupu, sahani imekaa juu ya nini?

Nikanyoosha mkono polepole. Sahani ilikuwa juu ya marehemu. Shangazi aliiona ile kompyuta iko wazi, pana, haiguswi, akaona ndipo pahali pa chakula. Ukingo wa sahani ulikuwa umekilalia kitufe kirefu cha nafasi, umekibana chini barabara, kama ngalawa iliyopwelewa juu ya fungu la mchanga. Punje moja ya mbaazi ilikuwa imeingia pale palipokuwa na A.

Nikaiinua sahani kwa mikono miwili, nikaishika kifuani, nikaomba radhi.

Nimeomba radhi mara nyingi maishani mwangu, lakini sijawahi kuomba kama usiku ule. Nilianza na mwalimu, nikamtaja kwa heshima zake zote. Nikakiri harusi, nikakiri stima, nikakiri hata mfupa niliouficha mfukoni. Nikamgeukia bwana wa Lamu, nikamwambia kuuliza si ujinga, mjinga ni mimi. Nikawaomba wanawake wote wa bara msamaha, na nazi zao. Sauti ilinitetemeka. Kiswahili kilinitoka kisafi, kama khutba ya Ijumaa, na nilipomaliza shangazi, aliyeguswa sana, akaitikia: “Amin.”

Nikangoja. Iafoni kimya.

*Pi*, kikalia kifaranga.

“Hallo?” akasema mwalimu. “Jamani, ametoroka?”

“Sahani imeinuliwa,” akasema bwana wa Lamu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, na mimi niliyemwita mzito. “Sikieni. Kila ikilia *ko*, huwa yuko. Isipolia, hayuko.”

Nilisimama katikati ya chumba nimekumbatia sahani. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika, Alt iko mbali, A iko mbali zaidi, na Mzungu hana lugha. Nikainama, nikaitafuta kompyuta kwa kiwiko, nikairudisha sahani juu ya kitufe kirefu, pale pale ilipokuwa.

*Ko.*

Darasa zima likapiga makofi. Nikafungua kinywa niianze upya radhi yangu, tangu mwanzo, lakini shangazi alikuwa ameshanisogeza kando kwa nyonga na kuinamia ile punje ya mbaazi, ambayo aliamini ndiyo maiki.

“Wewe mwalimu,” akasema kwa sauti kubwa. “Ushakula?”