Usiite pengo kila kisanduku kitupu

Ramani ya ushahidi wa tiba ni jedwali. Safu mlalo hubeba afua: dawa, chanjo, upasuaji, ushauri nasaha. Safu wima hubeba matokeo yaliyopimwa: vifo, maumivu, siku za kulazwa, madhara. Kila utafiti huwekwa pale afua yake inapokutana na matokeo yake. Anayeitazama macho humkimbilia kwenye visanduku vitupu, na haichukui muda ombi la fedha limeandikwa: "eneo hili halijatafitiwa." Nasema sentensi hiyo isiandikwe kabla kisanduku chenyewe hakijahojiwa.

Anza na hesabu. Jedwali la afua 30 na matokeo 20 lina visanduku 600. Ukipata tafiti 120, na kila mmoja ukagusa visanduku vitatu, una alama 360. Hata zikitawanyika bila kugongana, visanduku 240 vitabaki vitupu. Hapo utupu umeletwa na mchoraji aliyekata safu nyembamba mno. Vingine havina maana kabisa, kwa kuwa afua hiyo haina njia ya kugusa matokeo hayo. Vitiwe kivuli mapema, kabla msomaji hajavihesabu kama mapengo.

Utafutaji nao huficha mengi. Ukitafuta "tumour" (uvimbe, kwa tahajia ya Uingereza) kwenye vichwa vya makala na muhtasari peke yake, umewaacha walioandika "tumor", tahajia ya Marekani. Ukitegemea hifadhidata moja, au lugha moja, umechora ramani ya hifadhidata hiyo. Kuna kipimo rahisi ambacho wengi hukiruka: kusanya tafiti kumi hivi ambazo wataalamu wa eneo hilo wanazijua, kisha uone kama utafutaji wako unazinasa. Ukikosa mbili, soma maneno yaliyotumika kwenye hizo mbili, rekebisha, urudie. Uchujaji wa tafiti zipi ziingie ufanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, wakianza kwa kujipima kwenye vichwa 50 vya makala. Wanapotofautiana sana, tatizo mara nyingi liko kwenye vigezo vilivyoandikwa kwa utata.

Lakini kosa linalonisumbua zaidi ni kuainisha tafiti kwa kusoma muhtasari tu. Chukua jaribio la dawa ya shinikizo la damu. Muhtasari unataja shinikizo lilivyoshuka, basi. Ubora wa maisha ya wagonjwa ulipimwa pia, ila takwimu zake zimekaa kwenye jedwali la tatu, ukurasa wa ndani. Aliyesoma muhtasari ataacha kisanduku cha ubora wa maisha kitupu, na kesho mtu ataomba fedha za kupima kilichokwisha kupimwa. Kusoma makala nzima kunakula wiki nyingi, najua. Kama muda hautoshi, punguza upana wa swali, usipunguze usomaji.

Kuna pia majaribio yaliyofanyika yasichapishwe. Haya hutafutwa kwenye sajili za majaribio ya kitabibu, kama ClinicalTrials.gov na lango la Shirika la Afya Duniani linalounganisha sajili mbalimbali. Namba ya usajili ina faida nyingine: jaribio moja likizaa makala nne, namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha kuwa ni jaribio moja. Hesabu majaribio, usihesabu makala.

Kisanduku kilichojaa nacho kihojiwe. Aprotinini ilitumika kupunguza kuvuja damu katika upasuaji wa moyo. Wachambuzi walipoyapanga majaribio kwa mfuatano wa miaka, waliona kwamba kufikia 1992, baada ya jaribio la 12, ilikuwa wazi kuwa dawa hiyo inapunguza haja ya kuongezewa damu. Hata hivyo yaliendelea hadi yakafika 64 mwaka 2002. Safu ya kuongezewa damu ilijaa pomoni, huku swali la vifo likikosa jibu la uhakika, kwa kuwa mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo. Kisha jaribio kubwa la Kanada, lililochapishwa 2008, likasitishwa kabla ya wakati kwa sababu vifo vilielekea kuwa vingi zaidi katika kundi la aprotinini. Mjadala juu ya dawa hiyo haukuishia hapo, lakini wagonjwa wa majaribio yale ya ziada walistahili kushiriki katika kujibu swali jipya.

Kwa hiyo ramani ioneshe idadi ya washiriki na ubora, siyo wingi wa tafiti tu. Kwa mapitio ya kimfumo, yaani makala zinazokusanya na kupima tafiti zote za swali moja, AMSTAR 2, orodha ya kukagua ubora wake yenye maswali 16, inatosha kutenga yaliyo imara na yaliyo dhaifu.

Ninachotaka kuona chini ya kila ramani ni jedwali dogo la pili: kila kisanduku kitupu na sababu yake (hakina maana, sajili inaonyesha jaribio linaendelea, lilifanyika halikuchapishwa, au kweli hakuna), pamoja na tarehe ya utafutaji wa mwisho. Mapengo ya "kweli hakuna" ndiyo yapelekwe kwa wagonjwa, walezi na watabibu wayapange kwa umuhimu, kama James Lind Alliance, mpango wa kuwakutanisha watu hao kupanga maswali ya utafiti, inavyofanya Uingereza tangu 2004.