Mradi wa Usalama Barabarani Haukamiliki Siku Mkandarasi Anapoondoka

Mradi wa kuweka kivuko, matuta na alama mbele ya shule hauwezi kuhesabiwa kuwa umekamilika siku mkandarasi anapoondoa mashine zake, kwa sababu siku hiyo hakuna anayejua kama umefanya kazi iliyokusudiwa. Hata hivyo, ndivyo tunavyouhesabu. Taarifa za utekelezaji zinazosomwa katika bodi za barabara za mikoa, mabaraza ya madiwani na kamati za Bunge hutueleza kwamba mradi umefikia asilimia fulani, kwamba fedha zilizopokelewa ni kiasi fulani na zilizotumika ni kiasi fulani, na kwamba changamoto kubwa ilikuwa mvua. Ikishafika asilimia 100, taarifa inafungwa, na kama Mwenge wa Uhuru unapita karibu, mradi unazinduliwa.

Kwa barabara ya kawaida, taarifa ya namna hiyo ina maana yake. Kilomita ya lami inaonekana, unene na upana wake unapimika, na lori linalopita juu yake ni ushahidi tosha. Mradi wa usalama ni wa aina nyingine, kwa kuwa kinachonunuliwa kwa fedha za umma si tuta wala rangi nyeupe ya pundamilia, bali ni watu ambao hawatagongwa. Tuta linaweza kujengwa kwa viwango vyote vya mkataba na bado likakaa mbali na mahali wanapovukia watu, maana watu huvuka pale njia ya mkato kutoka sokoni inapotokea, si pale mchoraji wa ramani alipopenda wavuke. Mkaguzi anayepima urefu na kimo cha tuta hilo atalipitisha bila wasiwasi, na malipo yatafanyika kihalali kabisa.

Ugumu wa kupima matokeo hayo huanzia kwenye fedha zenyewe. Kwa Tanzania Bara, chanzo kikuu cha matengenezo ya barabara ni tozo ya mafuta inayoingia katika Mfuko wa Barabara, ambao bodi yake ilianza kazi mwaka 2000, na sheria inaelekeza kwamba angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko ziende kwenye matengenezo. Fedha hizo hugawanywa kwa TANROADS, inayosimamia barabara kuu na za mikoa, na kwa TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. Kazi za usalama mara nyingi huzama humo humo: alama za barabarani, kingo za chuma na matuta huwa kipengele kidogo ndani ya mkataba mkubwa wa matengenezo. Mwananchi anayeuliza ni shilingi ngapi zilitumika mwaka jana kupunguza ajali katika wilaya yake atapewa jumla ya matengenezo, na kisichokuwa na hesabu yake chenyewe ni vigumu kukidai matokeo.

Ugumu wa pili, ambao mimi nauona mkubwa zaidi, ni takwimu za ajali. Huwezi kupima ulikofika kama hujui ulikoanzia. Katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani duniani, Shirika la Afya Duniani lilionyesha kwamba Tanzania iliripoti vifo 3,256 kwa mwaka 2016, ilhali makadirio ya shirika hilo yalikuwa vifo 16,252. Mtu ana haki ya kubishana na makadirio, kwa kuwa yanatokana na hesabu za kitakwimu na si kuhesabu maiti mmoja mmoja, lakini tofauti ya takriban mara tano haiwezi kupuuzwa na mhandisi anayetaka kuthibitisha kwamba makutano fulani yamekuwa salama. Majeruhi anayefia wodini wiki mbili baada ya ajali, au mwendesha bodaboda aliyebebwa na wenzake moja kwa moja hadi zahanati bila trafiki kufika, anaweza asionekane kamwe kwenye kumbukumbu ambazo mradi unazitegemea. Tuna fomu ya polisi ya PF3, ambayo kila majeruhi anaifahamu kwa sababu ndiyo huulizwa akifika hospitali, na ambayo kwa asili yake inapita kati ya polisi na daktari. Laiti ingemfikia na mhandisi wa barabara, ikiwa na mahali halisi pa ajali kama simu ya askari inavyoweza kupaonyesha badala ya maneno kama "maeneo ya Kimara", tungekuwa na msingi wa kuanzia.

Hata takwimu zikiwa nzuri, kuna mtego ambao taarifa nyingi za mafanikio huangukia. Tuseme makutano fulani huwa na wastani wa ajali tatu kwa mwaka, kisha mwaka mmoja zikatokea nane. Kelele zinapigwa, kiongozi anafika, bajeti inapatikana, taa zinafungwa, na mwaka unaofuata ajali zinakuwa nne. Taarifa itaandika kwamba ajali zimepungua kwa nusu. Ukweli ni kwamba mwaka wa ajali nane ulikuwa mbaya kupita kawaida ya mahali pale, na huenda idadi ingeshuka hata kama pasingefungwa kitu. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kulinganisha miaka kadhaa kabla na miaka kadhaa baada, na kutazama pia sehemu nyingine zinazofanana ambazo hazikufanyiwa kazi yoyote. Taarifa ya robo mwaka haina uwezo huo, na hatupaswi kuidai miujiza.

Kwamba jambo hili linawezekana katika mazingira yetu, ushahidi uko Dar es Salaam. Shirika lisilo la kiserikali la Amend liliboresha njia za watoto kwenda shule za msingi kwa kazi za gharama ndogo, kama vile njia za kutembea, matuta, vivuko na alama, kisha watafiti wakalinganisha shule zilizofanyiwa kazi na shule ambazo hazijafanyiwa. Majeraha ya barabarani kwa watoto yalipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute. Kwangu mimi, tuzo haina uzito kama ile hatua ya kulinganisha shule na shule, ambayo ndiyo inayokosekana katika miradi inayolipiwa na kodi zetu.

Marekani wana mpango wa serikali kuu wa kuboresha usalama wa barabara, uliopewa sura yake ya sasa na sheria ya mwaka 2005, ambao unalilazimu kila jimbo kuwasilisha ripoti kila mwaka kabla ya mwisho wa Agosti, ikiorodhesha miradi na fedha zake pamoja na tathmini ya matokeo. Sheria ya mwaka 2021 iliongeza kwamba jimbo ambalo waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wengine wasio na kinga ni asilimia 15 au zaidi ya wanaokufa barabarani lazima litenge angalau asilimia 15 ya fedha za mpango huo kwa ajili yao. Isidhaniwe kwamba ripoti nzuri huokoa watu peke yake, maana katika miaka hiyo hiyo vifo vya waenda kwa miguu nchini humo vilizidi 7,000 kwa mwaka. Walichonacho ni uwezo wa kuliona tatizo likikua, na mahali pa kumuuliza mhusika.

Kipimo cha mradi mmoja mmoja nacho hakitoshi pale barabara ni ndefu na hatari zake ni nyingi. Wenzetu wa Kenya wanaikumbuka ajali ya Migaa, karibu na Salgaa kwenye barabara kuu inayotoka Nakuru kuelekea magharibi, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36 na kuelekeza macho ya nchi nzima kwenye kipande kile. Tarehe 30 Juni 2023, upande wa magharibi wa kipande hicho, lori liliwaparamia wafanyabiashara na abiria waliokuwa kandokando ya barabara katika makutano ya Londiani, wakafa zaidi ya 50. Taarifa ya Salgaa pekee, hata ingekuwa bora namna gani, isingetaja soko la kandokando huko Londiani. Kwa hiyo barabara kuu inahitaji taarifa ya njia nzima, na hoja hiyo inatuhusu sisi tunaozitaja Kitonga na Sekenke kana kwamba kila mlima ni kesi ya peke yake.

Nini kifanyike? Mikataba yetu tayari ina kipindi cha matazamio, ambacho kwa kawaida ni miezi 12, na kikiisha mhandisi hurudi kutazama nyufa na mashimo kabla ya mkandarasi kulipwa fedha zilizozuiliwa. Ziara hiyo hiyo, inayolipiwa tayari, itumike kupima mwendo wa magari na kuhesabu wanaovuka, kwa saa na siku zile zile zilizopimwa kabla ya kazi kuanza, ikiwemo siku ya gulio. Ukomo wa mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo taarifa ingehitaji kueleza tu kati ya magari 100 ni mangapi yaliuzidi kabla, na ni mangapi yanauzidi sasa. Takwimu za ajali zingefuata baada ya miaka mitatu, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kisheria ana mamlaka ya kufanya ukaguzi wa ufanisi, angekuwa na kitu cha kukagua zaidi ya hati za malipo. Nakala ingebandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, kwa lugha ambayo mjumbe wa nyumba kumi anaielewa, na kibao cha mradi ambacho leo kinataja mkandarasi, mhandisi mshauri, gharama na muda wa utekelezaji kingeongezewa mstari mmoja unaotaja tarehe ambayo matokeo yatapimwa na jina la ofisi itakayoyatangaza.