Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Ilivyotengenezwa

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya sarafu WhatsApp: "Kaka, hii ni ya milioni ngapi?" Ina doa jeusi, au imepinda, au rangi yake si ile tuliyoizoea, na mwenyewe ameshasikia kwamba makosa ya kiwandani huuzwa ghali. Ni kweli, yapo yanayouzwa ghali. Lakini nyingi ninazoletewa hazikukosewa kiwandani. Zimeumia mtaani.

Tatizo ni kwamba tunaanza na bei. Mimi huanza na mtambo. Sarafu hukatwa ikiwa kipande kitupu, kingo zake huinuliwa, kisha hubanwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma. Kosa la kweli lazima liwe lilitokea kiwandani, katika hatua kama hizo. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani ya ufa huo, na sarafu hutoka na mstari uliotuna. Mstari uliochimbika, mara nyingi, ni mkwaruzo tu. Pitisha ukucha, utaujua.

Ninachokipenda zaidi ni sarafu iliyomegeka ukingoni. Mashine ikikata vipande vitupu ikakanyaga mahali palipokwisha kukatwa, hutoka kipande chenye pengo la mviringo, kama biskuti iliyong'atwa. Wakati wa kuinua kingo, pale penye pengo hapana kitu cha kusukuma, kwa hiyo ukingo wa upande wa pili nao hulegea na kufifia. Basi usikodolee macho pengo. Geukia upande unaolikabili. Mtu mwenye tupa anaweza kukata pengo zuri kabisa, lakini upande wa pili atauacha ukiwa mzima, na hapo ndipo anaponaswa.

Matundu nayo yana hadithi yake. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni zilikuwa na tundu katikati kwa makusudi, na tundu lilikuwepo kabla ya chapa kupigwa. Ikipatikana isiyo na tundu, au tundu limekwenda kando, hiyo inastahili kutazamwa mara mbili. Shilingi yenye tundu karibu na ukingo, lililokata maandishi na kuacha mikwaruzo ya keekee, ilikuwa kidani cha mtu.

Rangi ndiyo inayodanganya wengi. Jasho, chumvi ya bahari, moto na udongo hubadilisha shaba kuwa nyeusi, kijani, hata nyekundu. Sarafu zetu za shilingi 50 na 100 za Tanzania ni chuma kilichopakwa ganda la shaba ya njano. Ganda likilika, chuma hujitokeza na kushika kutu, na mtu anadhani amepata sarafu ya rangi mbili.

Wamarekani wana kisa chao. Mwaka 1943 shaba ilihitajika vitani, senti zao zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Vipande vichache vya shaba vilivyobaki vikaingia mtamboni kwa bahati mbaya, na leo kimoja ni utajiri. Matapeli nao wakaanza kupaka senti za chuma rangi ya shaba. Sumaku huwaumbua: ya kweli hainati, na ina uzito wa gramu 3.11 badala ya 2.7 hivi. Wajanja zaidi huchukua senti ya shaba ya 1948 na kuchonga ile 8 iwe 3. Hapo sumaku haisaidii, lenzi inasaidia.

Halafu kuna Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa vitani, walitengeneza heller 20 zao, sarafu za koloni lao la Afrika Mashariki, katika karakana ya reli. Chapa zimefifia, mihuri imepasuka, nyingine zimekaa upande. Ukimwonyesha mkusanyaji heller ya Tabora yenye ufa ukamwambia ni kosa adimu, atatabasamu, maana kwa Tabora hiyo ndiyo kawaida. Ufa uleule kwenye sarafu ya kiwanda makini cha London ungekuwa habari nyingine.

Na anayekuambia utume kwanza "ada ya usajili" ili mnunuzi wa Ulaya aje na mamilioni, huyo mzuie tu kwenye simu yako. Sarafu haisajiliwi.

Juzi kijana mmoja aliniletea heller ya 1916, ile yenye herufi T ya Tabora. Picha aliyonitumia siku moja kabla ilionyesha kitu kizuri: rangi ya kahawia iliyotulia, chapa imekwenda kando kuliko nyingi nilizowahi kuona. Nilimwandikia, "Usiiguse, njoo nayo hivyo hivyo." Akaja. Ilikuwa inang'aa kama kitasa kipya. Alikuwa ameshaisugua kwa ndimu na majivu, ili nisije nikasema imechakaa.